Kile Kiota cha Varanda Usikibomoe

Kila mvua zikianza Tabora, mwezi wa Novemba, hosteli nako ugomvi unaanza. Mbayuwayu wanabandika udongo chini ya paa la varanda, kinyesi kinadondokea nguo zilizoanikwa, na Jumamosi ya usafi mtu anachukua mti wa ufagio anabomoa. Mwaka jana mtu huyo nilikuwa mimi. Kiota kilidondoka na makinda matatu, hata manyoya hayajaota. Nikaona ni heri niwajue hawa ndege kabla mwenzangu hajashika ufagio.

Kwanza, si wote wanaojenga. Wale wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba au Oktoba, wengi ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Wanakula tu, Aprili wanarudi kuzaa kwao. Wanaojenga kwetu ni wenyeji. Mmoja ana michirizi kifuani, kiota chake kama chungu chenye shingo ndefu. Mwingine ana mkia wenye nyuzi mbili nyembamba, na kiota chake ni kama nusu bakuli iliyogandishwa ukutani. Wanasubiri mvua kwa sababu mvua huleta tope, na huleta kumbikumbi. Tope wanalibeba kwa mdomo, tonge moja moja, mamia ya safari.

Ujenzi huo Tabora tunaujua. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na matembe ya enzi zile yalikuwa ya udongo. Lile la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, ndiko tunakopeleka wageni wetu hadi leo.

Sasa, kuishi nao ni rahisi. Pigilia kibao kama futi mbili chini ya kiota, kinyesi kiishie hapo, ukisugue kila wiki. Kamba ya nguo isogezwe hatua mbili. Mvua zikikatika katikati ya ujenzi, mwaga maji kidogo pembeni ya bomba wapate tope. Ukitaka waje kwako, pigilia ubao mwembamba chini ya paa, mahali paka hafiki. Rangi ya mafuta inayoteleza haishiki udongo vizuri. Dawa ya wadudu usipulizie karibu nao. Mayai yanaatamiwa kama wiki mbili, makinda hukaa wiki tatu hivi, kisha varanda ni yako. Kiota kikavu kiache, mara nyingi wanakirudia.

Ila tusidanganyane: hawatakumalizia mbu. Mbayuwayu anawinda mchana, mbu wa malaria anatoka usiku. Anakula nzi, kumbikumbi na vijidudu vingine vinavyoruka. Chandarua chako kibaki palepale.

Marekani yupo mbayuwayu wa rangi ya zambarau. Wenyeji wa asili wa kule walimtundikia vibuyu tangu zamani, walowezi wakafuata kwa visanduku vya mbao. Leo upande wa mashariki wa nchi ile karibu wote wanazaa kwenye nyumba walizowekewa na watu. Watu wakiacha, ndege hana pa kwenda. Wetu hajafika huko. Hadai kibuyu wala sanduku. Anachoomba ni wiki tano za kuvumiliwa.

Jumamosi hii ufagio uishie sakafuni.