Hasira iseme, lakini isiamue

Somo: 1 Samweli 25:2-35



Wengine hufikiri kwamba mkristo aliyekomaa hapaswi kuhisi kitu. Sivyo. Daktari Antonio Damasio, Mreno aliyefanya kazi Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1994 habari za mgonjwa aliyemwita Elliot. Alitolewa uvimbe upande wa mbele wa ubongo. Akili ilibaki nzuri, lakini hisia zilipoa. Akashindwa kuamua hata mambo madogo, na kazi ikampotea. Basi hisia ni zawadi ya Muumba: woga hutuonya, huruma hututuma kusaidia, hasira hutuonyesha kwamba kuna ubaya.

Lakini hasira huona upande mmoja tu. Nabali alimtukana Daudi. Daudi akapanda na watu 400 wenye panga ili aue wanaume wote wa nyumba ile. Mkosaji alikuwa mmoja! Abigaili hakumkataza Daudi kuhisi. Alimletea mikate 200 na kondoo 5, akainama, akamwomba asikilize kwanza. Kisha akamwonyesha kesho: ukiwa mfalme, damu hii isije ikausumbua moyo wako. Daudi akarudisha upanga.

Sisi hatukumngoja Abigaili. Siku moja feza za ujenzi zilipungua katika kanisa letu. Kwa hasira, Jumapili ile ile, tulimsimamisha mama mtunza sanduku mbele ya watu wote. Baada ya majuma mawili tukaona karatasi: feza zile zililipia mabati, na sisi wenyewe tulikuwa tumetia sahihi. Tulimwomba msamaha mbele ya kanisa. Alisamehe. Lakini hata leo hajarudi kuimba katika kwaya.

Tangu hapo wazee wetu wanafuata mambo matatu. Kwanza, kila mmoja anasema wazi: nina hasira, au nina woga. Pili, hukumu inangoja asubuhi. Waefeso 4:26 inatuagiza kumaliza hasira kabla ya jua kutua. Haituagizi kuhukumu kabla ya jua kutua. Tatu, tunamsikiliza mtu ambaye jambo halikumchoma.

Baba, mama, kijana: kabla ya kumfukuza mtoto nyumbani, kabla ya kuokota jiwe kwa sababu watu wanapiga kelele "mwizi", uliza: Abigaili wangu ni nani? Msikilize kwanza.

Bwana awabariki.