Sonata 'rahisi' zinavyowaponza wanafunzi wa piano

MWANAFUNZI wa piano akiambiwa kuwa Mozart alitunga sonata kwa ajili ya wanaoanza, huona amepata pa kuanzia. Sonata hiyo, K. 545, iliingizwa na mtunzi mwenyewe katika orodha ya kazi zake Juni 26, 1788, akaiita ndogo na ya wanaoanza. Iko katika ufunguo wa C, hivyo vidole hukaa zaidi kwenye vibonyezo vyeupe.

Kazi huanza anapoketi kuipiga. Nota zake ni chache, na kila moja inasikika peke yake. Mkono wa kushoto unasindikiza kwa mwendo usiokatika, huku wa kulia ukipanda na kushuka skeli kwa kasi. Kidole kimoja kikichelewa, hakuna kishindo cha kukificha. Isitoshe, vibonyezo vya piano za enzi hizo vilikuwa vyepesi kuliko vya leo.

Namba nazo hudanganya. Beethoven aliacha sonata 32 za piano zenye namba. Mbili za Opus 49 ni miongoni mwa nyepesi zaidi, lakini namba yao ni kubwa kuliko ya Pathétique, Opus 13, iliyo ngumu mno kwao. Sababu ni kwamba zilitungwa miaka ya 1790 zikachapishwa 1805. Namba hiyo hufuata zaidi uchapishaji kuliko ugumu.

Mtego mwingine ni sehemu ya kwanza. Ile ya Opus 27 namba 2, maarufu kama sonata ya Mbalamwezi, ni ya polepole na huweza kupigwa na mwanafunzi wa kati. Sehemu ya tatu ni dhoruba inayohitaji vidole vilivyoiva.

Kwa familia za Kenya na Uganda, ambako watoto hufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, jambo hili lina gharama. Bodi hupanga madaraja hadi la 8, na mara nyingi hutaja sehemu moja tu ya sonata. Mzazi anayedhani daraja hilo ni la sonata nzima huweza kumsukuma mtoto kwenye kurasa asizoziweza. Muhula unaisha akihangaika na kurasa mbili, kifundo cha mkono kimekaza, na hamu ya kupiga imepotea.

Kinga yake haihitaji fedha. Kabla ya kuchagua, mwalimu na mwanafunzi wafungue ukurasa mgumu kuliko yote, wala si wa kwanza, waupige polepole kwa mikono miwili. Mwendo ambao mwanafunzi anaumudu hapo bila kukwama ndio mwendo wake wa sonata nzima. Ukiwa wa kobe, sonata hiyo isubiri mwakani.