Pedi za Breki za Nyuma: Jambo la Kuangaliwa Kabla ya Kuteremka Mbamba Bay

Barabara ya lami itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita zipatazo 66, imeifanya safari ya ziwani kuwa ya haraka. Hata hivyo, mteremko haukuondoka pamoja na vumbi. Gari litokalo katika milima ya Umatengo hushuka zaidi ya mita 700 kabla ya kuufikia ufuko wa Ziwa Nyasa. Kwa gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, nguvu inayopaswa kuzuiwa katika mteremko huo ingetosha kuchemsha takriban lita 30 za maji ya baridi. Dereva akitumia gia ndogo, injini huzuia sehemu ya nguvu hiyo. Sehemu kubwa ya inayobaki hugeuka kuwa joto katika breki.

Pedi za mbele hukumbukwa kwa kuwa huisha mapema. Za nyuma husahauliwa, ilhali katika magari mengi yenye diski nyuma ndizo pia zinazoshikwa na breki ya mkono. Zikifikia unene wa milimita 3 zinapaswa kubadilishwa, hata kama bado hazijaanza kupiga kelele. Inafaa gurudumu livuliwe wakati wa ukaguzi, kwa maana pedi ya ndani, isiyoonekana kwa urahisi kupitia matundu ya rimu, mara nyingi ndiyo huisha kwanza.

Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia TEMESA. Mwananchi hutegemea gereji ya mtaani, hivyo ni vema ajue fundi anapaswa kufanya nini.

Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele huzuiwa kwa mawe au vigingi, na breki ya mkono huachiwa. Baada ya kuinuliwa kwa jeki, gari huwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Kalipa, yaani chuma kinachozibana pedi kwenye diski, hufunguliwa na kufungwa kwa waya pembeni. Isiachwe ikining'inia kwenye mpira wa mafuta ya breki. Pini zinazoiwezesha kuteleza husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, kwani pini iliyokwama huzila pedi mpya upande mmoja tu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu kalipa nyingi. Ili pedi mpya na nene ziingie, pistoni lazima irudi ndani. Kwa kalipa za mbele, fundi huisukuma kwa klempu na kazi inakwisha. Baadhi ya kalipa za nyuma nazo huwa hivyo, hasa pale breki ya mkono inapokuwa na viatu vyake ndani ya diski. Lakini pale breki ya mkono inapofanya kazi kupitia kalipa yenyewe, pistoni nyingi hukaa kwenye skrubu: hurudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Ikilazimishwa kwa klempu, mtambo wa ndani huvunjika. Ubaya wake ni kwamba pedali inaweza kuendelea kufanya kazi kama kawaida, na kasoro isijulikane hadi siku gari litakapoegeshwa mlimani likiwa na watoto ndani. Magari ambayo breki yake ya mkono huwashwa kwa kitufe huhitaji kwanza kuunganishwa na kompyuta ya gereji ili mota ziachie. Fundi asiye na kifaa hicho aseme mapema. Hakuna aibu hapo.

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja. Pistoni inaporudi, mafuta ya breki hupanda kwenye kopo lake, hivyo lichunguzwe lisifurike. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Bila hivyo, mkanyago wa kwanza huzama hadi chini na gari lisisimame.

Kisha pedi huzoeshwa kwa kupunguza mwendo taratibu mara kadhaa kutoka kilomita 50 kwa saa, katika barabara tambarare isiyo na msongamano. Breki ya mkono hujaribiwa mwishoni, kwenye kilima kidogo, jiwe likiwa limewekwa karibu na gurudumu.