Kashata Dukani: Biashara Ndogo, Hesabu ya Kila Wiki

Katika nchi nyingine pipi huuzwa kwa mashine ya kutumbukiza sarafu. Kwetu Ufipa kazi hiyo hufanywa na kopo la kashata linaloachwa dukani. Karanga tunalima wenyewe, hivyo kikundi kinaweza kuanza na jiko, sufuria na makopo machache yenye mifuniko.

Kwanza, karanga zichambuliwe. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Wateja wetu wengi ni watoto.

Pili ni hesabu. Tuchukue mfano: karanga, sukari na mkaa vimegharimu shilingi 12,000, vikatoa vipande 100 vya shilingi 200. Mwenye duka akipata shilingi 50 kwa kila kipande, kikundi kinabaki na 15,000. Shilingi 12,000 ni mtaji. Faida ni 3,000 tu. Vipande 20 vikiharibika, faida yote imekwisha.

Kwa hiyo wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, kashata zinapolainika kwa unyevu, kikundi kipike kidogo na kutembelea maduka kila wiki.

Kamati za sharika, kabla ya kuongeza mkopo, ombeni daftari. Lionyeshe vipande vilivyopelekwa, vilivyouzwa na vilivyorudi. Kikundi kisichoandika vilivyorudi kinaweza kula mtaji kikidhani kinakula faida.