Ziwa Nyasa Halina Chumvi, na Jua Tunalo

Nafundisha fizikia Mbinga, na kwetu ni Mbamba Bay. Nikifika kwenye somo la nishati, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, jua laweza kutupa maji?"

Laweza. Kiunga, kijiji cha Lamu karibu na mpaka wa Somalia, maji ya visima yana chumvi. Mwaka 2018 shirika la GivePower lilijenga pale mtambo wa sola wa kilowati 50. Umeme wake husukuma maji ya chumvi kwa nguvu kubwa kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Maji hupita, chumvi hubaki. Betri huweka akiba ili pampu zisisimame jua likizama. Mtambo una uwezo wa kutoa lita zipatazo 75,000 kwa siku.

Mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, Saudi Arabia, walionyesha njia nyingine. Paneli hugeuza sehemu ndogo tu ya mwanga kuwa umeme. Sehemu kubwa huwa joto linalopotea bure. Wao walipitisha maji ya bahari chini ya paneli. Joto likayafanya mvuke, mvuke ukavuka utando, ukapoa kuwa maji matamu: zaidi ya lita 1.6 kwa saa katika kila mita ya mraba, na umeme haukupungua.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya Ziwa Nyasa haifiki hata gramu moja. Kuondoa chumvi kwenye lita 1,000 za bahari hula uniti 3 hadi 4 za umeme. Kupandisha lita hizo kutoka ziwani hadi tangi lililo mita 100 juu, hata pampu ikipoteza nusu ya nguvu, hakufiki uniti moja.

Linalobaki ni kuyachuja na kuyatia klorini, maana kipindupindu hupita majini. Kichocho nacho huingia kupitia ngozi, wakati mama na watoto wamesimama ziwani wakichota. Bomba likifika kijijini, hawana haja tena ya kuingia majini kujaza ndoo.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zangu wa mwambao, Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay: sola ikijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, pampu ya maji iandikwe kwanza, taa zifuate.