Anayesubiri Dikoni Naye Yumo Mbioni

Kwetu Nyamisati, wilayani Kibiti, mtu haingii deltani kwa mtumbwi bila kuuliza maji. Siku za bamvua bahari hupanda na kushuka sana. Kijito kilichokupitisha asubuhi, mchana ni tope la mikoko. Na ingawa umezungukwa na maji, karibu na bahari hayanyweki kwa chumvi.

Ndiyo maana nawaheshimu mno wanaowahudumia wapiga makafi. Nchini Marekani kuna Texas Water Safari, mashindano ya mitumbwi yaliyoanza 1963: takriban kilomita 418, kutoka San Marcos hadi Seadrift pwani, kwa saa zisizozidi 100. Kila timu ina nahodha wa nchi kavu. Yeye hapigi kafi. Huwahi vituoni na maji na barafu, akiangalia muda na hali ya watu wake.

Kazi hiyo tunaijua. Baba akisafiri kwenda Mbwera, mjomba ndiye aliyekagua mtumbwi: kafi la akiba, pondo, upo wa kufulia maji, muhogo wa kuchemsha, na dumu la maji ya kunywa, limefungwa kamba lisipotee chombo kikipinduka.

Vijana wetu wakitaka kuandaa mbio ndefu za mitumbwi, wasianze na zawadi. Waanze na mtu anayejua saa za kujaa na kupwa, mwenye maji safi kila kituo, na mwenye kauli ya kumsimamisha mpiga kafi aliyezidiwa. Ushindi hupangwa dikoni kabla mtumbwi haujasukumwa.