Programu ya Wateja Nayo Hupelekwa kwa Fundi

Askari anayepokea sare mpya kutoka bohari anafahamu vema kwamba nguo ile haikushonwa kwa ajili yake. Mikono ni mirefu, kiuno ni kipana, na kabla ya gwaride hana budi kuipeleka kwa fundi. Fundi hukata hapa, hupunguza pale, kisha huirudisha ikiwa imemkaa mwenyewe. Ndivyo zilivyo na programu za kompyuta na simu zinazotunza habari za wateja. Nyingi zimebuniwa Marekani na Ulaya kwa matumizi ya makampuni, na mama mwenye cherehani kando ya kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, akiifungua mojawapo kwa mara ya kwanza huulizwa mambo ya ajabu: mteja ana cheo gani katika kampuni yake, kampuni hiyo hupata mapato kiasi gani kwa mwaka, na namba ya posta ya mtaa wake ni ipi.

Tumfikirie mama huyo. Hushona gomesi na sare za wanafunzi, vitambaa akivinunua Kiyembe. Wateja wake wengi ni wake za askari na polisi, na habari zao zote zimo katika daftari. Daftari lina heshima yake, maana halihitaji umeme wala vocha. Lakini likiloa mvua, vipimo vya watu wote vimekwenda, na mteja akifika siku ambayo mwenyewe yuko msibani, msaidizi hawezi kuusoma mwandiko. Hapo ndipo kijana wa nyumbani humshauri mama aingize wateja katika simu au kompyuta.

Kazi ya kwanza ni kupunguza. Kila kisanduku kisichotumika kifichwe au kiondolewe, kwa sababu msaidizi akikuta visanduku 30 vya kujaza na foleni ya wateja mlangoni, atajaza uongo ili amalize upesi. Kisanduku cha anwani kibadilishwe kiwe cha maelekezo: nyuma ya msikiti, mkabala na duka la dawa. Senti nazo ziondolewe katika hesabu, kwani shilingi ya Uganda haihesabiwi kwa senti dukani.

Majina yanataka uangalifu zaidi. Programu ya kigeni hudhani kwamba mume, mke na watoto wana jina moja la ukoo, kisha huwakusanya kama jamaa moja. Katika Buganda mambo si hayo. Watoto wa baba mmoja waweza kuwa na majina tofauti kabisa, na kila penye pacha wa kike pana Babirye na Nakato. Fundi mwenye wateja watano waitwao Nakato atampelekea mmoja habari za deni la mwingine, na ugomvi wake hautaisha siku ile. Dawa yake ni kumtambua mteja kwa namba ya simu, na kuongeza kisanduku cha jina analoitwa mtaani, kama vile Nalongo au Hajati.

Namba yenyewe ina mtego. Jedwali la kompyuta huichukulia namba ya simu kama hesabu, hivyo huila sifuri ya mwanzo. Safu ya simu ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote. Tena iwepo nafasi ya namba ya pili, kwa kuwa watu wengi wa Kampala hubeba laini mbili, ya MTN na ya Airtel, na fedha za simu hutumwa kwa ile iliyo na salio siku hiyo.

Baada ya kupunguza ndipo huongezwa: upana wa mabega, kifua, kiuno, urefu, na tarehe ya kupima. Tarehe hiyo si ya kusahauliwa. Mtoto aliyepimwa Januari hatakuwa na kipimo kile muhula wa tatu. Kiwepo pia kisanduku cha lugha, kwa kuwa mteja mmoja husoma Kiganda na mwingine, aliyetoka Arua au Gulu, huelewana na fundi kwa Kiswahili.

Ama kuhusu chombo, mwenye wateja 100 hahitaji kutumia fedha. WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, humruhusu kuwawekea wateja lebo kama "amepimwa", "imekwisha" na "anadaiwa", na kuhifadhi majibu ya haraka. Jibu moja laweza kuwa hivi: "Nyabo, gomesi yako imekwisha. Karibu uijaribu kabla ya Jumamosi." Kwa anayedaiwa, kiasi kisiandikwe kamwe. Simu hushikwa na watoto na wageni, yatosha kusema, "Nyabo, ukipata nafasi pita dukani tuzungumze." Chama au kiwanda kidogo chenye kompyuta kinaweza kutumia SuiteCRM, iliyotokana na SugarCRM mwaka 2013 na isiyolipiwa. Ina karakana yake ya ndani ambamo visanduku huongezwa bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Aliye fundi wa kompyuta asiguse kiini chake, maana toleo jipya likija litafuta kazi yake yote.

Kuna kisanduku kimoja ambacho mwenye duka karibu na kambi atashawishika kukiongeza, nacho hakifai. Angependa kujua mume wa mteja yuko kikosi gani, amepelekwa wapi, atarudi lini, ili akadirie siku ya kulipwa. Majeshi ya Uganda yamekuwa Somalia tangu mwaka 2007, na Kampala haijasahau usiku wa tarehe 11 Julai 2010, Al-Shabaab walipoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Orodha ya wake za askari yenye vikosi na safari za waume zao, ikiwa ndani ya simu inayoweza kunyakuliwa katika teksi, ni hatari kwa familia hizo zote. Ahadi ya kulipa iandikwe kwa tarehe tu. Sababu ya tarehe hiyo ibaki kinywani.

Sheria nayo inaelekea huko huko. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie habari zake kuchukuliwa, zichukuliwe zile tu zinazohitajika, na mwenyewe aweze kuziona na kuzisahihisha. Habari za mtoto hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi. Fundi wa sare za shule asipuuze jambo hilo.

Mabadiliko yote yajaribiwe kwa wateja kumi kwanza, msaidizi akijaza na mwenyewe akitazama wapi anakwama. Kila Jumamosi jioni nakala ya akiba iwekwe mahali pengine mbali na simu ile, na neno la siri lisiwe jina la mtoto. Daftari la zamani lisitupwe mpaka muhula mzima upite, maana humo ndimo vitakamopatikana vipimo vilivyorukwa.